Fahali Aliyefuata Ngoma Msituni

Nilikuwa na malengo matatu ya kutimiza kabla ya miaka thelathini, na niliyatangaza kanisani mbele ya watu, kama ilivyo desturi yetu kwenye ibada ya mwaka mpya. Unasimama, unashika kipaza sauti, unasema unachomwomba Mungu, na kanisa zima linakujibu amina. Nilisema nitaandika riwaya. Nilisema nitamwezekea mama jiko lisilovuja. Kisha nikasema nitampeleka baba mbuga ya Mara, akawaone ndovu angali anaona. Amina ya hilo la mwisho ndiyo iliyotikisa mabati, kwa sababu hakuna aliyeketi kwenye yale mabenchi ambaye hakujua habari za macho ya baba.

Siku hizo alikuwa ameanza kuona kama mtu anayechungulia ndani ya mwanzi. Kilichokuwa mbele yake kabisa alikiona. Kilichokuwa kando hakikuwapo. Alikuwa akigonga kikombe cha chai kilichokuwa karibu na mkono wake, halafu anakuambia kuna mwewe juu ya mkaratusi wa jirani. Daktari wa macho mjini Kakamega aliiita presha ya macho. Alieleza kwa upole kwamba dawa ya matone ingelipunguzia giza mwendo, lakini mwanga uliokwisha kwenda haungerudi. Baba alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akauliza jambo moja tu: je, ng'ombe nao huugua ugonjwa huo?

Habari ya ndovu ilitoka kwenye kalenda. Sebuleni kwetu ilining'inia kalenda ya duka la mbegu na mbolea, ambayo miezi yake ilikwisha kitambo, lakini hakuna aliyethubutu kuing'oa kwa sababu ya picha yake: ndovu wakivuka nyasi za Mara, mmoja mdogo akiwa katikati ya miguu ya mama yake. Nilipokuwa msichana baba alikuwa akiipangusa kwa kiganja na kusema, "Watu wanatoka Ulaya kuja kuwaona hawa. Mimi nimezaliwa Kenya, nitazikwa Kenya, na ndovu nimemwona kwa kalenda."

Katika vikao vya waandishi ninavyohudhuria Nairobi, tunapenda kuulizana malengo. Huyu anataka tuzo, yule anataka kusomwa katika lugha nyingine, na mwingine anataka tu mwenye nyumba amwache amalize sura ya mwisho. Mimi nilijibu kama wenzangu. Lile la Mara sikulitaja hata siku moja, kwa maana lilikuwa dogo mno pale na kubwa mno nyumbani. Riwaya ilitoka. Jiko la mama likaezekwa. Nikabaki na baba na ule mwanzi wake uliokuwa ukizidi kuwa mwembamba.

Hatimaye nikalipia viti viwili kwenye gari la utalii ambalo lingetoka mjini Kakamega Jumamosi mapema asubuhi. Mama nilimwomba aje, akakataa.

"Simba hajawahi kuja hapa kunisalimia," alisema. "Mimi nimwendee ya nini?"

Lakini alituandalia kikapu. Alichinja ingokho, yule jogoo mwekundu aliyekuwa akimwonea wivu kila mtu, akamkaanga. Akaweka viazi vitamu, mayai ya kuchemsha na thamosi ya chai. Baba alinyoa ndevu tangu Ijumaa. Alivaa koti lake la harusi za watu.

Sasa yanipasa nieleze kuhusu fahali.

Kwetu ni upande wa Shinyalu, ukitoka Khayega ukaelekea msituni, mpaka mashamba yanapokutana na ukanda wa majani chai, na ukanda nao unapokutana na miti. Huku fahali wa kupigana halimi shamba wala havuti mkokoteni. Analishwa nyasi za nepia na molasi, anasuguliwa mgongo, anasifiwa kwa nyimbo, na siku ya pambano anasindikizwa uwanjani kwa isukuti, zile ngoma zetu ndefu zipigwazo kwa viganja, huku wanaume wakimkimbilia pande zote kana kwamba wao ndio wenye pembe. Fahali wetu alikuwa mweusi, na jina lake silitaji kwa kuwa lilikuwa la mwanasiasa ambaye bado yu hai. Mwenye fahali alikuwa baba, lakini tangu macho yaanze kumtoroka, aliyemtunza alikuwa mdogo wangu, ambaye anaendesha bodaboda Khayega na ana maoni kuhusu kila kitu.

Maoni yake kuhusu fahali yalikuwa kwamba wazee wanawaanzishia ngoma wakiwa wamechelewa. Fahali akizisikia siku ya pambano tu, alisema, anashtuka. Basi akanunua spika ndogo, akarekodi isukuti kwenye simu, na kila asubuhi alipomwekea fahali nepia na molasi alimpigia ngoma hizo kwa sauti ya juu, ili moyo wake uzizoee. Majirani walilalamika. Mdogo wangu akawaambia hiyo ni sayansi.

Jumamosi hiyo nilikuwa nimesimama uani na kikapu mkononi, kumepambazuka, ukungu ukiwa bado umelala juu ya majani chai, mdogo wangu alipokuja mbio kutoka nyuma ya nyumba. Mkononi alishika kipande cha kamba.

"Sista," aliniambia kwa sauti ya chini, "ng'ombe imeenda."

"Imeenda wapi?"

"Ningejua si ningekuwa nayo?"

Baba alikuwa mlangoni, amevaa koti lake. Macho yalikuwa yamepungua lakini masikio yalikuwa yale yale. Alikuja akaichukua ile kamba, akaipapasa mahali ilipokatikia. "Haikukatwa na mtu," alisema. "Amevuta mwenyewe."

Hapo ndipo sote tulipozisikia, kwa kuwa tulikuwa tumenyamaza. Mbali, ng'ambo ya msitu, isukuti. Mama alitukumbusha kilichokuwa kikiendelea: kijiji cha upande ule kilikuwa na matanga ya mzee mmoja aliyefuga mafahali maisha yake yote, na angezikwa siku hiyo. Mtu kama huyo haagwi kimya. Ngoma zilikuwa zimeanza na alfajiri.

Tulimtazama mdogo wangu. Mama ndiye aliyesema.

"Wewe. Umemfundisha ng'ombe kwamba hiyo ngoma ni chai ya asubuhi."

Na ndivyo ilivyokuwa. Miezi yote ile mdogo wangu alidhani anautia ushujaa moyoni mwa fahali. Fahali alichojifunza ni kwamba isukuti ikilia, kuna molasi. Ameisikia inalia ng'ambo, akaona chakula leo kimewekwa mbali, akaenda.

Simu yangu ikaita. Alikuwa dereva wa gari la Mara. "Dada, watu wameshakaa. Mko wapi?"

Nilimtazama baba. Nilimwambia kwa haraka, kama mtu anayefunga mlango kabla mvua haijaingia, kwamba twende, pikipiki ipo, mdogo wangu atamtafuta fahali na majirani watamsaidia, kesho jioni tutakuwa tumerudi.

"Mama," aliniita. Baba huniita mama kwa sababu nimebeba jina la mama yake, na akiniita hivyo huwa tayari ameshaamua. "Siwezi kwenda kuangalia wanyama wa wenyewe na wangu amepotea."

"Baba, macho..."

"Macho ni yangu. Najua yamebaki kiasi gani."

Nilimwambia dereva atuache. Alinipa pole, akasema mvua ndefu zilikuwa karibu, na baada ya hapo hangekuwa na safari nyingine kwa muda mrefu. Nilikwenda nyuma ya jiko la mama, lile nililoezeka, nikalia kidogo. Sikulilia hasara. Nililia kwa kuwa nilijua hesabu ya daktari, na nilijua kwamba ule muda mrefu wa dereva na ule muda mrefu wa macho ya baba haikuwa na urefu mmoja.

Nilipotoka, baba alikuwa ameshavaa gambuti chini ya koti lake la harusi. Mama aliniwekea kikapu begani. "Msilale njaa huko," alisema, kana kwamba bado tunaenda Mara.

Kuna njia ya miguu inayokata ulimi wa msitu mpaka kijiji cha pili, na akina mama wa kuni huifuata. Mdogo wangu alitangulia na spika kwenye begi. Baba alifuata, na mimi nyuma yake, nimemshika kiwiko. Msituni mle asubuhi hukaa kama haijaanza. Miti ya juu ilikuwa imepata jua na sisi wa chini tulikuwa bado kwenye maji ya usiku, yanadondoka kutoka jani hadi jani. Nimezaliwa kando ya msitu huu. Nimeuandika mara mbili kwenye riwaya yangu, na mara zote mbili niliutumia kama pazia la nyuma, mahali pa kumfichia mhusika aliyekimbia nyumbani. Sikuwahi kuuingia na mzazi wangu.

Nyayo za fahali zilikuwa wazi kwenye tope, kisha zikapotea kwenye majani makavu. Mdogo wangu akasimama, akajikuna kichwa.

"Sasa tunafuata nini?"

Baba, ambaye alikuwa akitazama mbele moja kwa moja, kwa kuwa mbele tu ndiko alikokuwa nako, alisema, "Kile ni nini kinachowaka?"

Mbele, katikati ya njia, mahali mshale wa jua ulipopenya, palikuwa na lundo dogo la rangi. Lilipumua. Tulipolikaribia, lilipasuka likawa vipepeo: wa buluu iliyokoza, wa manjano, wengine wa rangi ya kutu wenye mikia miwili kama mbayuwayu. Walimzunguka baba kifuani, juu ya lile koti, wakapanda. Chini yao, palipobaki, palikuwa na kinyesi kibichi cha ng'ombe.

"Ni yake!" mdogo wangu alipiga kelele. "Ni ya molasi hiyo, naijua!"

Baba hakuangalia chini. Alikuwa amesimama huku amenyanyua kidevu, mdomo umefunguka kidogo. "Wamekuja kwenye tundu langu," alisema. "Wote wamepita kwenye tundu langu."

Ndivyo tulivyomfuata fahali. Kila tulipoona lundo linalopumua tulijua amepita, na baba ndiye aliyekuwa akiyaona kwanza, kwa sababu yalikaa katikati ya njia, na katikati ya njia ndiyo ilikuwa dunia yake yote. Mdogo wangu alianza kumtania: "Mzee, nitakuajiri uwe unanitafutia abiria." Baba akamjibu kwamba abiria hawadondoshi kitu kizuri namna hii. Tulicheka mpaka kima fulani wakatukemea kutoka juu.

Tulipumzika kwenye mzizi wa mtini mkubwa, nikafungua kikapu cha Mara. Tukamla jogoo mwenye wivu. Juu yetu mbega walikuwa wakivuka, weusi wenye mabega meupe, na walipojirusha kutoka mti hadi mti manyoya yao yalifunguka kama shuka inayokung'utwa. Baba alisikia kishindo cha matawi. Aligeuza kichwa, lakini kila alipofika walikuwa wameshapita.

"Wako wapi?"

"Pale. Kushoto. Hapana, juu zaidi."

"Usiniambie pale, mama. Pale ni wapi?"

Mimi ninayeishi kwa maneno sikuwa na neno la kumfikisha kichwa chake mahali. Halafu akatua ndege mmoja. Alikuwa mkubwa kuliko kuku, buluu ya sare mpya ya shule, na kishungi cheusi kilichosimama na mdomo wa manjano uliochovywa nyekundu kwenye ncha. Alitua kwenye tawi lililo wazi, akaanza kulikimbia kwa miguu kama kindi. Nilijua hatangoja.

Sijawahi kumshika baba uso. Kwetu mtoto mkubwa hamshiki baba yake namna hiyo. Unamsalimia kwa mikono miwili na kumwachia nafasi yake. Siku hiyo niliweka chini mfupa wa kuku, nikampigia magoti mbele, nikamshika mashavu kwa viganja vyangu vyenye mafuta, nikamgeuza taratibu, kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio ya zamani. Ndevu zilikuwa zimeshaanza kuchoma. Nilimwinua kidevu kidogo. Kushoto kidogo. Nikahisi mashavu yakikaza chini ya vidole vyangu, nikajua ameshika.

Ndege alikimbia tawi lote mpaka mwisho, nami nilimwendesha baba naye, kidole kwa kidole, na alipofunua mabawa na kuteleza hewani kuelekea upande mwingine wa njia tulimfuata mpaka majani yakamfunga. Kisha tukasikia sauti yake, kok, kok, kok, kama mtu anayegonga mlango wa mbao. Baba alianza kucheka. Machozi yalishuka yakapita kwenye mikono yangu.

"Hii sauti naisikianga tangu nikiwa mtoto," alisema. "Tangu nachunga. Nilikuwa najua ni ndege mweusi, mbaya. Sikuwahi kuinua kichwa. Nani angeangalia juu na ng'ombe ziko chini?"

Mdogo wangu, aliyekuwa na maoni kuhusu kila kitu, alitazama kando, akajifanya anakaza kamba za begi.

Ngoma zilituongoza hatua zilizobaki. Tulitokea kwenye majani chai ya upande wa pili, kisha kwenye boma lililojaa watu, hema, viti vya plastiki na moshi wa sufuria kubwa. Na pale, karibu na wapigaji wa isukuti, fahali wetu alikuwa amesimama kwa adabu ya mgeni mwalikwa, akitafuna shina la mgomba. Mtu alikuwa amemfunga shada la majani shingoni.

Nilitaka ardhi inimeze. Mdogo wangu aliniambia sikioni kwamba tumchukue kwa nyuma, haraka. Lakini mjane wa marehemu alikuwa ameshamwona baba. Alikuja akiwa ameegemea mkono wa binti yake, akamshika baba mikono yote miwili.

"Mmetuletea fahali," alisema. "Tulipomwona anatoka msituni peke yake, watu walilia. Tulisema ni nani huyu amekumbuka kwamba mzee wangu hawezi kwenda bila fahali?"

Maana hiyo nayo ni desturi: mfugaji wa mafahali akifa, wenzake huleta wa kwao waje wamuage.

Nilimtazama baba. Mdogo wangu alimtazama baba. Baba alikohoa, akafunga kifungo cha koti lake la harusi, ambacho juu yake kulikuwa na unga wa mabawa ya vipepeo.

"Yeye alitangulia," alisema. "Sisi miguu yetu ni mizito."

Hakukuwa na neno la uongo ndani yake. Tulipewa viti vya mbele. Tulipewa obusuma, ugali wetu, na nyama, nasi tuliokuwa tumeshiba jogoo tukala tena kwa heshima. Marehemu alipokwisha kuzikwa, na jua lilipoanza kuteremka, mdogo wangu aliwasha spika yake, na fahali akatufuata nyumbani kupitia njia ya barabara, mpole kama mbuzi, akidhani kila kona ina molasi.

Jioni dereva alinitumia picha kutoka Mara. Alikuwa mtu mwema, alidhani zitanifariji. Nilimpa baba simu naye akaisogeza mpaka puani. Ndovu, kundi zima, na mdogo kati yao, karibu sawa kabisa na wale wa kalenda.

"Wazuri," alisema. Akaisogeza mbali, akaileta tena. "Wazuri sana. Mwambie dereva asante." Akanirudishia simu. "Mwambie asante kwa kutotungoja."

Kisha akamgeukia mama, aliyekuwa akichambua kunde kwenye jiko lisilovuja, akaanza kumweleza buluu. Alianza mara nyingi. Alisema ni kama sare ya shule, akasema hapana, ni kama moto wa stovu, akasema hapana. Mama aliacha kuchambua. Mimi, ambaye kazi yangu ni hiyo, nilikaa kimya kwenye kigoda nikamwacha atafute, kwa kuwa sijawahi kumsikia mtu akilitafuta neno kwa furaha kiasi kile.

Mara hatujaenda mpaka leo. Mvua zilipopita, mwanzi wa baba ulikuwa umekuwa mwembamba kama uzi, na nilipomuuliza kama nikatie viti tena alisema tusimsumbue dereva. Kanisani mwaka mpya ulipofika nilisimama kama wengine, nikashika kipaza sauti, na badala ya kuomba nikashukuru. Kulikuwa na kimya kidogo, kwa maana watu walikuwa wamejiandaa kuitikia ombi. Halafu ile amina ikaja.

Siku hizi nikiwa nyumbani ninaamka na ngoma za spika ya mdogo wangu. Hakuacha sayansi yake, ila sasa kamba ni ya chuma. Fahali hulia, molasi hunukia, na baba hutoka na kukaa kwenye ngazi ya mlango, uso wake umeelekea zizini.

"Mama," huniita. "Wako?"

Naenda mpaka zizini na gambuti zake, nainama juu ya kinyesi.

"Wako, baba. Ni wadogo tu leo, weupe."

"Weupe wa namna gani?"

Nami narudi, naketi karibu naye kwenye ngazi, naanza kutafuta.